Kanzu ya Kila Mwaka

Hapa Utemini baridi haina mzaha. Mji wetu wa Singida umekaa juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ifikapo Juni upepo huvuma mchana na usiku ukipita kati ya mawe makubwa kama mtu anayetafuta mlango ulioachwa wazi. Huo ndio wakati watu hukumbuka sweta. Lakini sweta la mkono halifumwi siku ya baridi. Anayetaka mtoto alivae Juni hana budi kuanza Februari au Machi, wakati hakuna anayeona baridi na mikono inatakiwa shambani kupalilia alizeti na mtama.

Kwa sababu hiyo sisi akina mama tunaokutana Alhamisi baada ya maombi tuna mfuko ambao hatupendi kuufungua mbele ya wageni. Ndani yake mna kazi zilizoanzwa zikaishia njiani: mgongo usio na kifua, soksi isiyo na mwenzake, kofia ambayo utosi wake haujafungwa. Kila moja ina sababu yake. Mtoto aliugua, mavuno yakaingia, msiba ukatokea, uzi ukaisha na rangi ile haikupatikana tena sokoni.

Mwaka huu tulipoufungua tulikuta kazi ya mwenzetu aliyelala katika Bwana mwaka jana. Lilikuwa sweta la mtoto, rangi ya samawati: mgongo, kifua na mkono mmoja. Sindano zilikuwa bado ndani ya vitanzi vya mwanzo vya mkono wa pili. Mjukuu aliyepimiwa ameshalizidi. Mmoja wetu akasema tulifumue, uzi usipotee. Mwingine akasema mkono wa marehemu haufumuliwi. Tukanyamaza. Tuliona kwamba tunaulizana jambo kubwa kuliko sweta: kazi iliyoachwa katikati ni ya nani, nasi tunapata wapi ujasiri wa kuanza nyingine?

Tuanze na historia ya ufundi wenyewe, maana una safari ndefu kuliko tunavyodhani. Kufuma nguo kwa mtande na mshindio si jambo geni kwetu. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, na Wafipa walijulikana kwa nguo zao za pamba. Lakini kufuma kwa sindano, kitanzi juu ya kitanzi, ni njia nyingine. Miongoni mwa mabaki yake ya kale zaidi ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, ambazo wataalamu huzikadiria kuwa za karne ya 11 hadi ya 14. Kwa hiyo ufundi huu ambao wengi wetu tunauita wa Wazungu ulikuwa umekaa Afrika zamani.

Kutoka pande hizo ulienea Ulaya, na huko ukaingia hata kanisani. Karibu mwaka 1400 mchoraji Mjerumani, Bertram wa Minden, alitengeneza picha za madhabahu kwa ajili ya watawa wa kike wa Buxtehude. Katika mojawapo Mariamu ameketi akifuma kanzu ndogo kwa sindano kadhaa, na amefika shingoni. Mtoto Yesu yuko karibu na miguu yake pamoja na kitabu. Upande wa pili malaika wawili wanakuja, wamebeba msalaba, mkuki, misumari na taji ya miiba. Mchoraji alikuwa akiwaza ile kanzu isiyo na mshono ambayo Yohana anasema askari waliipigia kura. Mama anakaribia kumaliza vazi, na tayari wako waliokuja kumwonyesha litakakoishia. Hata hivyo sindano zimo mikononi mwake.

Mwaka 1589 kasisi Mwingereza, William Lee wa Calverton, alibuni mashine ya kufuma soksi. Husimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya kulinda ubunifu wake kwa kuwahurumia maskini waliokula kwa sindano zao. Kama ni kweli au si kweli, hofu hiyo tunaijua. Leo mashine za kufuma zinatengeneza masweta ya shule, na sweta la mtumba mara nyingi ni nafuu kuliko uzi wa kufumia jipya. Anayefuma kwa mkono Utemini hashindani nazo kwa bei. Anafuma kwa sababu kuna mwili fulani anaoujua.

Kwetu Singida ujuzi huu ulipitia milango kadhaa. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani walianza kazi Iramba. Kanisa lao lilikuwa limeundwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka nchi za baridi za Skandinavia, ambako kufuma ni jambo la kila nyumba. Katika shule nyingi za misheni nchini, wasichana walifundishwa kusoma na kazi za sindano pamoja. Mwaka 1951 likaundwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika, na vilabu vya wanawake vya wakati ule vilifundisha usafi, mapishi, kushona na kufuma. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, ukaanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika chini ya Bibi Titi Mohamed.

Wapo wanaosema mafunzo yale yaliwafunga wanawake kwenye kiti na kidonge cha uzi wakati wanaume wakijifunza uhasibu na siasa. Hatuwabishii, lina ukweli. Lakini mwanamke akishajua kuhesabu vitanzi anajua pia kuhesabu gharama. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kupiga hesabu kama anacho cha kumalizia. Mfumaji hufanya hivyo kila mara: uzi kiasi gani, vitanzi vingapi, siku ngapi kabla ya baridi. Hata lugha yetu inalijua hilo, kwani neno mfumo limezaliwa na kufuma.

Tena kazi hii ndogo si mchezo mbele ya mauti. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa vifaa vya kuwatunzia joto havikutosha. Mtoto huwa na nepi, kofia na soksi, basi. Joto lingine ni la mama. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano ikiwemo Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wadogo sana kwa asilimia 25, kuliko kungoja kwanza hali zao zitengemae. Kofia peke yake haiokoi mtoto. Lakini kofia iliyobaki mfukoni bila kufungwa utosi haimfai mtoto yeyote, hata kama ilianzwa kwa upendo mwingi.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Hawakumweleza alichokusudia. Walimwonyesha kilichokwisha.

Lakini aliyetufundisha zaidi ni Hana. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasema kwamba kila mwaka alimfanyia mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea alipopanda kwenda Shilo. Sisi tulizoea kusoma habari hiyo haraka, mpaka Bibi yetu, mzee kuliko wote kikundini, akauliza, “Wanangu, alimpima lini?”

Hakumpima. Mtoto alikuwa mbali mwaka mzima. Hana angeshona kwa kipimo cha mtoto aliyemkumbuka, kanzu ingembana. Ilimpasa akate kitambaa kwa mtoto ambaye hajamwona, akiamini kwamba Mungu amemkuza. Na kanzu ya mwaka jana ilipokuwa fupi hakuiona kuwa hasara, kwa maana ufupi wake ndio ulikuwa ushuhuda kwamba mtoto anaishi na anakua.

Basi tuliamua hivi. Sweta la mwenzetu hatukulifumua. Tulizitoa sindano zake taratibu, tukahesabu vitanzi, tukaendelea pale alipoishia. Mkono wetu unakaza uzi kuliko wake, kwa hiyo mkono wa kushoto wa sweta lile umebana kidogo kuliko wa kulia, na mwenye macho ataona. Tumeuacha hivyo. Tuliunga mbavu, tukaficha ncha za nyuzi upande wa ndani, tukatia vifungo, tukalifua na kulianika kivulini. Amelivaa mtoto wa jirani yake, ambaye kipimo kilimfaa.

Kwa mjukuu wake tumeanza jipya, kwa uzi uliobaki na mwingine wa rangi ya maziwa, kwa kuwa samawati ile haikutosha. Mtoto yuko Manyoni kwa shangazi yake na hatujamwona tangu msiba. Binti mmoja aliuliza tufume la ukubwa gani. Bibi akapima kwa shubiri juu ya meza, akafikiri, akaongeza vidole viwili.

Mfuko haujaisha. Soksi ile moja bado inangoja mwenzake, na mashamba yanatuita. Lakini vitanzi vya mwanzo viko kwenye sindano, na Juni haijafika.