Hamsini kwa Mia: Mita au Futi?

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho kila mtu anayefika Uganda kutoka Kongo au Burundi anakutana nacho mapema: ukubwa wa kiwanja.

Ukiulizia kiwanja, utaambiwa "hamsini kwa mia". Basi. Hakuna anayeongeza neno. Sisi tuliosoma shule za Kongo, tukisikia namba bila jina, kichwa kinaweka mita chenyewe, maana kule kwetu parseli inapimwa kwa mita. Sasa piga hesabu. Mita 50 kwa mita 100 ni mita za mraba 5,000, yaani nusu hekta. Hapo unajenga nyumba, unalima mihogo, na mahindi yanabaki na nafasi. Lakini mwenye kiwanja anasema futi. Futi 50 ni mita 15 na kidogo. Futi 100 ni mita 30 na nusu hivi. Eneo lote linakuwa kama mita za mraba 465. Kile kiwanja cha kichwani mwako kinaweza kumeza hiki cha kweli karibu mara 11!

Mwenye kiwanja hajasema uongo, na wewe si mjinga. Lakini kama familia imeshatoa akiba ya mwaka mzima kukodi, hasara ni ileile. Inakuwaje nchi mbili zinazopakana ziongee namba moja na kumaanisha vitu viwili? Jibu liko kwenye historia, na linaanzia mbali.

Twende Ufaransa kwanza. Kabla ya mapinduzi ya 1789, kila mkoa, na mara nyingi kila mji, ulikuwa na vipimo vyake. Jina la kipimo lingeweza kuwa lilelile, lakini ukubwa tofauti. Sehemu nyingi bwana wa ardhi ndiye aliyeshika kipimo cha nafaka, na mkulima alilipa kodi yake kwa kipimo hicho. Mwaka huo wa 1789, watu wa vijiji na miji walipoandika malalamiko yao kwa mfalme, wengi waliomba jambo moja: kipimo kimoja kwa wote.

Wanasayansi walikubaliana kwamba kipimo kipya kisitoke kwenye mguu wa mfalme wala mkono wa mtu yeyote, kitoke kwenye dunia yenyewe. Mita ikawa sehemu moja ya milioni 10 ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Watu wawili, Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain, walitumia miaka kuanzia 1792 hadi 1798 kupima njia kutoka Dunkerque hadi Barcelona, katikati ya vita, ili hesabu hiyo ipatikane. Sheria ya 1795 ikaweka majina tunayoyajua: mita, lita, gramu.

Mnadhani wananchi walishangilia? Hapana. Sokoni waliendelea na vipimo vya zamani, mpaka Napoleon mwaka 1812 akaruhusu majina ya zamani yarudi kwenye biashara ndogondogo. Ilibidi kusubiri hadi 1840 ndipo mita na kilo zikawa lazima Ufaransa nzima. Kwa hiyo tusicheke mama anayepima kwa kopo. Hata waliobuni mita walichukua zaidi ya miaka 40 kuizoea.

Mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita mjini Paris. Ubelgiji ilikuwemo. Ujerumani ilikuwemo. Uingereza haikutia saini siku ile. Miaka michache baadaye wakoloni walipogawana ardhi zetu, kila mmoja alikuja na vipimo vyake mfukoni. Wabelgiji walileta mita na kilo Kongo. Rwanda na Burundi zilipita kwa Wajerumani kisha Wabelgiji, zote mita. Waingereza walileta futi, maili na ratili Uganda na Kenya. Mpaka uliochorwa kugawa watu uligawa na vipimo pia.

Hapa Uganda kipimo kiliingia ndani zaidi. Tarehe 10 Machi 1900, Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza alitia saini mkataba na viongozi wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo. Ardhi iligawiwa kwa maili za mraba: Kabaka maili 350, na machifu pamoja na wenye ardhi wengine kama elfu moja wakapewa maili 8,000. Ardhi iligawiwa kwenye karatasi kwanza, wapimaji wakafuata baadaye. Wakulima waliokuwa wanaishi pale wakajikuta ni wapangaji kwenye mashamba yao wenyewe. Ardhi ya namna hiyo inaitwa "mailo" mpaka leo, na jina limetoka hukohuko kwenye maili. Yaani kipimo cha mkoloni kimekuwa aina ya umiliki, na kimeandikwa hata kwenye Katiba ya Uganda ya 1995.

Baada ya uhuru, nchi za Afrika Mashariki zilihamia mita na kilo, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo sukari dukani ni kilo na barabara ni kilomita. Lakini ardhi ilibaki mdomoni mwa watu kama zamani: futi, ekari, na desimali, ambayo ni sehemu moja ya mia ya ekari. Hamsini kwa mia yetu ile ni kama desimali 11 na nusu.

Sasa turudi kwenye kopo. Huko Kivu wengi tumekua tukiona unga unapimwa kwa Guigoz, kopo la maziwa ya watoto. Hapa tumekuta kikombe cha Tumpeco cha nusu lita, na debe. Kopo lina uzuri wake: halihitaji betri, na kila mtu kwenye foleni analiona. Lakini kopo linapima ujazo, na kilo inapima uzito. Nusu lita ya maharage si nusu kilo, haifiki. Unga wa mahindi ni mwepesi zaidi. Mtu akiandikiwa kilo kwenye kadi halafu akapimiwa kwa kopo, lazima pawe na mtu aliyepima kwanza kopo hilo kwa mzani.

Tena kuna jambo ambalo Waswahili wa pwani walilijua zamani sana. Walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Lakini hawakusema kibaba tu. Walisema kibaba cha tele, kile chenye kilima juu, au kibaba cha mfuto, kilichopitishwa kijiti na kusawazishwa. Lugha yenyewe iliweka swali wazi kabla ya kununua. Sisi tunaimba haba na haba hujaza kibaba, lakini tumesahau kuuliza kimejaa kwa tele au kwa mfuto.

Ndugu zetu wa mashirika, nanyi mnaishi na namba: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, mita za mraba 3.5 za kulala, kalori 2,100. Ni namba nzuri, na zinatulinda kwa sababu hazibadiliki kwa sura ya mtu. Ombi letu ni dogo. Mahali pa kugawia, bandikeni kilo pamoja na kopo: kopo hili la mfuto ni gramu kadhaa za unga, gramu kadhaa za maharage. Wekeni mzani mmoja ambao yeyote anaweza kuutumia kurudia kupima.

Na sisi vijana, tuwe wakalimani wa vipimo kama tunavyokuwa wakalimani wa lugha. Mzazi akienda kukodi shamba, tumsindikize na kamba yenye alama za mita. Kabla pesa haijatoka mkononi, tuulize: mita au futi? Tele au mfuto? Halafu jibu liandikwe kwenye karatasi ya makubaliano, namba na jina la kipimo pamoja.