Kapeti ya Gari Iliyoitikisa Toyota

Kapeti ya gari haina mtu wa kuisifia. Jamaa akinunua gari anaanza na muziki, rimu na vioo vyeusi. Kapeti anaikumbuka siku mvua imepiga na viatu vimejaa tope. Na kazi inaifanya kweli: inazuia tope na maji yasifike kwenye zulia la kiwandani, ambalo likilowa linakaa na unyevu mpaka bati la chini linaanza kuota kutu. Lakini mwaka 2009 huko California, kapeti hiyohiyo ilimaliza familia.

Tarehe 28 Agosti, askari mmoja wa doria ya barabara kuu, akiwa hayuko kazini, alipeleka Lexus yake sevisi akaazimwa nyingine, ES 350. Ndani alikuwa na mkewe, binti yao na shemeji yake. Wakiwa karibu na San Diego, gari likakataa kupunguza mwendo. Shemeji akapiga simu ya dharura kusema breki hazishiki. Spidi ilishavuka kilomita 160 kwa saa. Likagonga gari lingine, likatoka barabarani na kuwaka moto. Hakuna aliyepona.

Sasa askari wa barabarani kabisa, anashindwaje kusimamisha gari? Uchunguzi ulikuta kapeti nzito ya mpira, iliyotengenezwa kwa ajili ya Lexus ya aina nyingine kabisa. Pedeli ya mafuta ilinasa kwenye hiyo kapeti. Injini ikivuta kwa nguvu zote, ukikanyaga breki na kuachia mara kadhaa, ule msaada unaoufanya mguu uwe mwepesi unaisha, na breki zenyewe zinaungua. Halafu gari lilikuwa la kuwasha kwa kitufe. Kulizima likiwa kwenye mwendo lazima ukishikilie kama sekunde 3. Nani anajua hilo kwenye gari la kuazima?

Kinachouma zaidi ni hiki: siku chache kabla, mteja mwingine aliazimwa gari hilohilo na pedeli ikanasa vilevile. Yeye alifanikiwa kusimama pembeni na kuinasua. Aliporudisha gari, akamwambia mtu wa mapokezi. Kapeti ikabaki palepale.

Mwezi uliofuata, Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 3.8 Marekani. Pedeli zikafupishwa, kapeti zikabadilishwa, na ukawekwa mfumo unaopunguza nguvu ya injini ukikanyaga breki hata kama mafuta yamenasa. Mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani, kwa kuwapotosha wateja kuhusu usalama wa magari yake. Bilioni, bhana.

Zile kulabu ndogo za plastiki kwenye sakafu ya dereva, ambazo wengi hawajui hata zipo, kazi yake ni kuizuia kapeti isisogee mbele. Kapeti za "saizi zote" zinazouzwa kwenye foleni za Dar mara nyingi hazina matundu ya kuzishika, na bado kuna watu wanazitandika juu ya kapeti ya zamani.