Chombo Kisicho na Rubani Kilichosikika Malindi

Jumatano, Februari 11, 2015, saa 10:40 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, daladala za Kiseke zikianza kurudisha watu kutoka mjini Mwanza, roketi ya Vega iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ilibeba IXV, chombo cha majaribio cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya (ESA): urefu mita 5, uzito karibu tani 2, hakina mabawa wala mtu ndani.

Dakika 18 hivi baadaye kiliachana na roketi, kikapaa hadi kilomita 412. Mawasiliano yake yalinaswa Libreville, Gabon, kisha Malindi, Kenya. Ziwa Victoria liko katikati ya vituo hivyo.

Malindi ilikuwa na uzoefu. Kuanzia 1967, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni. Mojawapo, iliyoruka Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina Uhuru. Urushaji ulikoma 1988, lakini antena za nchi kavu zikaendelea na kazi.

Kwa nini kurusha chombo kitupu? Kwa sababu hatari kubwa iko kwenye kurudi. IXV kilipofika kilomita 120 juu ya ardhi kilikuwa kikienda kilomita 7.5 kwa sekunde. Kwa kosa dogo tu kingeungua. Wamarekani walithubutu kurusha chombo chao, Columbia, kwa mara ya kwanza, Aprili 12, 1981, kikiwa na John Young na Robert Crippen ndani. Wasovieti wakatuma chombo chao, Buran, bila mtu Novemba 15, 1988. Kikazunguka dunia mara mbili na kutua chenyewe.

Ulaya ilifuata mfano wa Buran. IXV kilijiongoza kwa vibao viwili vya nyuma, huku vihisi zaidi ya 300 vikirekodi joto na mgandamizo. Miamvuli ilifunguka, kikatua Bahari ya Pasifiki na kuelea kwa maboya. Safari nzima ilichukua dakika 100 hivi. Mwanza jua lilikuwa bado halijazama.

Chombo chenyewe hakikuruka tena. Faida ilikuwa takwimu, ambazo sasa zinatumika kuunda Space Rider, chombo kitakachoruka, kutua na kuruka tena. Mwaka 2024 kielelezo chake kilidondoshwa kutoka kwenye helikopta huko Sardinia, nacho pia bila rubani.