Kiwanja cha Ndege cha Songea na Suala la Umbali katika Historia ya Kusini mwa Tanzania

Historia ya usafiri wa anga nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kama historia ya mashirika ya ndege. Kiwanja cha Songea, kilichopo Ruhuwiko, kinadai mtazamo mwingine: mashirika yamekuja na kuondoka, ilhali njia ya kurukia imebaki, na urefu wake umechangia kuamua nani afike na kwa ndege gani.

Mwaka 1932, Imperial Airways ilipofungua safari za kuelekea Cape Town, ndege zake zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya, Songea haikuwamo. Reli nayo haikuifikia. Hata ile ya kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitoka Mtwara na kuishia upande wa Nachingwea na Masasi. Mzigo wote ukabaki kwa barabara, ambayo kabla ya lami ya Makambako hadi Songea kukamilika katika miaka ya 1980 ilitegemea huruma ya masika. Katika mazingira hayo, kiwanja hakikuwa anasa ya watawala pekee, bali mlango wa dharura wa mkoa mzima.

Mlango huo, hata hivyo, una masharti ya kimaumbile. Songea ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, hasa mchana wa joto, hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mbawa kuinua ndege, hivyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Njia ikiwa fupi, hupunguzwa abiria, mizigo au mafuta. Kwa hiyo kurefushwa kwa njia kutoka mita 1,625 hadi 1,860 kulikuwa uamuzi wa kiuchumi na kijamii, si wa kihandisi tu.

Kufufuliwa kwa ATCL mwaka 2016, kwa ndege za Q400 zenye viti 76, kuliupa uamuzi huo maana. Hata hivyo, lami haipangi ratiba wala nauli. Historia ya Songea inaonesha kwamba umbali hupunguzwa na miundombinu, lakini hufutwa tu pale huduma inapodumu.