Mtoto wa Chunusi: Kutoka Hofu ya Vilindi hadi Fasihi ya Watoto



Masimulizi ya mataifa mengi yana kiumbe akaaye majini na kuwavuta watu. Waswahili humwita chunusi, Wacheki vodník, Wajerumani Wassermann. Kazi yake katika jamii yafahamika: kuwaweka watoto mbali na vilindi. Tunalouliza hapa ni vipi kiumbe huyo wa kutisha aligeuka kuwa mhusika mpendwa wa watoto.

Tuanzie Bohemia. Mwaka 1853 mshairi Karel Jaromír Erben alichapisha diwani yake, Kytice. Katika shairi mojawapo msichana anatumbukia ziwani, anakuwa mke wa vodník na kumzalia mtoto. Anaporuhusiwa kumzuru mama yake kwa siku moja, mama anamzuia asirudi. Mume, kwa ghadhabu, anamuua mtoto. Mtoto huyo hana jina wala kauli. Kifo chake ni adhabu kwa wakubwa.

Miaka 103 baadaye, yaani 1956, Otfried Preußler alichapisha Der kleine Wassermann. Alizaliwa Bohemia mwaka 1923, katika mji wa Reichenberg, ambao leo ni Liberec, Ucheki. Baba yake alikuwa mwalimu aliyekusanya ngano za eneo hilo. Mwaka 1944 alitekwa vitani, akakaa kifungoni Urusi ya Kisovieti miaka mitano. Alipoachiliwa, Wajerumani walikwisha kufukuzwa Chekoslovakia, naye akaanza maisha upya Bavaria, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Maji ya utotoni mwake yalibaki katika masimulizi tu.

Katika visa vifupi vya kitabu hicho, mtoto aliyeuawa katika shairi la Erben ni kama amerudishiwa uhai. Anazaliwa chini ya bwawa la kinu, anafanya urafiki na samaki na watoto wa binadamu, na hadithi inakoma majira ya baridi yanapoingia. Onyo halikufutwa, bali limegeuzwa upande: sasa ni baba wa majini anayemwonya mwanawe juu ya nchi kavu, asije akakaukiwa miguu.

Mfasiri wa Kiswahili atakabili tatizo hilohilo katika jina. Akisema “kichunusi”, msomaji atafikiri kipele cha usoni. Tena kiambishi ki- hudunisha kama kinavyodogosha. “Mtoto wa chunusi” yafaa zaidi, kwa kuwa inatangaza kwamba kiumbe huyo ana wazazi, na mwenye wazazi huweza kuhurumiwa. Lakini mfasiri asilikwepe neno “chunusi” kwa kutafuta jina jepesi. Msomaji asiyejua kwamba maji yale yaliogopwa hataona ni umbali gani hadithi imesafiri, wala kwa nini mtoto akaaye kilindini alihitaji kutetewa.