UZI: Nyumba za wazee, nani anakagua? Kutoka Frere Town hadi Changamwe

1/ Kila siasa zikipamba moto huku nje ya kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, hoja hii lazima iibuke. Mmoja anaahidi, "Tutawajengea wazee nyumba." Mwengine anamjibu, "Hiyo ni tabia ya Wazungu, sisi hatutupi wazee wetu." Kila upande unapigiwa makofi, halafu mada inakufa mpaka kampeni ijayo. Leo hatutaji mtu wala chama. Tutaangalia historia, manake hoja zote mbili zina shimo.

2/ Tuanze na ile ya "si utamaduni wetu". Ukishuka stegi ya Kengeleni, Kisauni, jina lenyewe linatokana na kengele ya Frere Town. Mtaa huo ulianzishwa 1875 na wamishenari wa CMS, miaka miwili tu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Walioletwa pale walikuwa watumwa waliokombolewa baharini na kwenye misafara, na wengine walikuwa wamelelewa na kusomeshwa India kabla ya kurudishwa Afrika.

3/ Sasa fikiria. Mtu aliyekamatwa akiwa mtoto mbali huko bara, akauzwa mara mbili tatu, akashushwa Kisauni. Hana mjomba, hana shangazi, hana boma la kurudi. Akizeeka, nani amlishe? Kwake yeye "familia itamtunza" ni maneno matupu. Kwa hivyo swali la mzee asiye na mtu si geni Mombasa. Lina umri wa karibu miaka 150, na lilianza hapahapa Kisauni.

4/ Unguja walikuwa na swali hilohilo. Walezo, nje kidogo ya mji, palikuwa na makao ya maskini enzi za ukoloni: serikali inatoa pesa, misheni ya Kikatoliki inafanya kazi ya kila siku. Baada ya Mapinduzi ya 1964 zikaja nyumba za wazee za Sebleni. Mpaka leo Sebleni na Welezo zinajulikana kuwa ni dhamana ya serikali. Unaweza kuzisifu au kuzilaumu, lakini angalau unajua mlango wa kwenda kubisha.

5/ Na tusisahau mipango yetu wenyewe. Kabla ya kaunti, kabla ya mkoloni, Pwani kulikuwa na wakfu: mtu anafunga shamba au nyumba, mapato yaende msikitini, kwa jamaa zake au kwa maskini. Kuna zaka, kuna sadaka ya Ijumaa, kuna jirani anayepitisha sahani ya wali. Ni mambo mema na yameokoa wengi. Ila sahani ya wali haimgeuzi mgonjwa ubavu saa nane za usiku.

6/ Twende Changamwe. Reli na bandari zilivuta vijana kutoka kila pembe. Mpango wa mkoloni ulikuwa rahisi: njoo ufanye kazi, lala chumba kimoja na wenzako, ukichoka rudi kwenu. Mshahara ulihesabiwa wa mtu mmoja, na uzee aubebe mke aliyebaki kijijini. Wengi bandarini walikuwa vibarua wa kutwa. Waligoma 1939, na Januari 1947 mji mzima ukasimama, wafanyakazi kama 15,000.

7/ Migomo ile ililazimisha mambo. Mwaka 1954 kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, maarufu kwa jina la Carpenter, ilikiri kwamba mfanyakazi wa mjini anahitaji mshahara wa kulea familia, nyumba, na uhakika wa uzeeni. Baada ya uhuru ikaja NSSF, kwa sheria ya 1965. Lakini kwa miaka mingi mchango ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi, hadi sheria ya 2013 ilipoanza kutekelezwa 2023. Na mchuuzi, dobi, mvuvi, mama wa mahamri? Wengi wao hawakuwemo kabisa.

8/ Ndo maana leo Likoni na Changamwe kuna wazee waliokuja wakiwa vijana, wakafanya kazi miaka 30 au 40, na "kwenu" hakuna anayewajua tena. Watoto wako Nairobi au Ghuba. Si kwamba watoto ni wabaya. Wanatuma pesa. Lakini M-Pesa haiogeshi mtu. Anayeogesha ni binti mmoja aliyebaki, ambaye pia ana biashara na watoto wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

9/ Tena tuambiane ukweli: familia si salama kila mara. Hapo jirani Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Huko Ganze kuna Kaya Godhoma, mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia watu wao wenyewe. Kwa hivyo anayesema "mzee arudi kwa familia" aongeze: familia ipi?

10/ Haya, tuje kwa upande wa pili: "tutajenga nyumba ya wazee". Kujenga ndo kazi nyepesi. Novemba 2023 BBC Africa Eye walitoa filamu waliyorekodi kwa siri katika nyumba moja ya wazee karibu na Nairobi. Ilionyesha wazee wakidhulumiwa na kunyimwa matunzo. Jengo lilikuwepo. Jina zuri lilikuwepo. Kilichokosekana ni jicho la mtu wa nje.

11/ Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia NA serikali. Wote wawili. Lakini ukisoma Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, vituo vya kulea watoto vimetajwa kuwa kazi ya kaunti. Nyumba za wazee hazikutajwa. Ndo maana ukiuliza, huyu anakuelekeza kwa yule.

12/ Linganisha. Nyumba za watoto zina kanuni zake tangu 2005: usajili, ukaguzi, kumbukumbu za kila mtoto. Kwa wazee, mswada wa kuwatunza na kuwalinda uliletwa Seneti 2018, haukufika kuwa sheria. Kenya pia imeridhia itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa 2016 na kuanza kutumika 2024, inayotaka nyumba za wazee ziwe na viwango. Karatasi ipo. Mkaguzi yuko wapi?

13/ "Lakini wazee wanapata Inua Jamii." Kweli, na ni hatua kubwa. Kuanzia 2018, kila aliyetimiza miaka 70 na hana pensheni alitakiwa kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar walitangulia na Pensheni Jamii 2016, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Ila piga hesabu: 2,000 kwa siku 30 ni shilingi 66 hivi. Hapo toa pampasi, toa dawa ya presha, toa nauli ya kwenda kliniki. Pesa hii ni ya chumvi na unga. Hailipi mtu wa kukaa na mgonjwa.

14/ Sasa, ubora wa matunzo unapimwaje? Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, aliyezaliwa Lebanon na kufanya kazi Marekani, aliandika kwamba utazame mambo matatu. Kwanza vilivyopo: majengo, vitanda, wahudumu. Pili kinachofanyika: wanaogeshwa, wanalishwa, wanapewa dawa kwa wakati? Tatu kinachowapata: wanapona, wanakonda, wana vidonda? Wanasiasa wetu wanapenda la kwanza, kwa sababu ndilo linalokatwa utepe.

15/ Na si sisi tu. Uingereza, mtafiti Peter Townsend alizuru nyumba 173 za wazee na kuchapisha kitabu 1962. Alikuta wazee wengi bado wanakaa kwenye majumba makuukuu yaliyojengwa kuwafungia maskini, hawana faragha, hawana la kufanya. Marekani nao walingoja hadi 1987 kutunga sheria ya haki za wakazi na ukaguzi wa kushtukiza. Nchi tajiri zilichelewa. Sisi hatulazimiki kurudia makosa yaleyale ndipo tujifunze.

16/ Kwa hivyo mgombea akija Mtongwe, Bamburi au Miritini na ahadi ya nyumba ya wazee, usimzomee wala usimpigie makofi. Muulize:
– Usiku kutakuwa na wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi?
– Uzito wa kila mzee utapimwa lini na kuandikwa wapi?
– Mzee asiyeweza kujigeuza, nani anaandika saa aliyogeuzwa? Kidonda cha kulala kitandani kikitokea, kimeandikwa?
– Pesa zake za Inua Jamii anazitoa nani, na nani anashuhudia?
– Jamaa au jirani anaweza kuingia bila kupiga simu kwanza?
– Akifariki, sababu inaandikwa na nani?
– Mkaguzi ni nani, analipwa na nani, na ripoti yake tutaisoma wapi?

17/ Na yule anayesema "wazee wakae nyumbani" naye aulizwe. Muuguzi wa kuzunguka majumbani yumo kwenye bajeti? Binti anayemlea mamake atapata siku ngapi za kupumzika? Mzee wa Likoni asiyeweza kusimama kwenye foleni ya feri afikeje hospitali ya rufaa kisiwani? Kukaa nyumbani bila msaada ni kutelekezwa tu, ila mlango umefungwa watu wasione.

18/ Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya karibu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Hao wanapiga kura, na hupanga foleni mapema kuliko vijana. Wanabebwa kwa viti siku ya kura. Tuulize watabebwa na nani siku inayofuata.

19/ Mwisho wa uzi. Kama wewe ndo unamlea mzee hapo ulipo, Kisauni, Likoni, Changamwe au kwengine, tuandikie hapo chini swali moja ungependa kila mgombea aulizwe. Usitaje jina la mtu wala la nyumba yoyote. Swali tu. Tutayakusanya na kuyapeleka kwenye mdahalo ujao.