Daftari Anabaki Nalo Nani?

Ukienda zahanati nyingi za huku kwetu, daktari hakukumbuki. Kinachokukumbuka ni daftari, lile la shuleni ulilonunua dukani na kuandika jina lako juu. Daktari analifungua, anasoma uliumwa nini mwezi wa tatu, anaendelea kana kwamba mnafahamiana siku nyingi. Mkimaliza, unalikunja na kwenda nalo nyumbani.

Nimelifikiria sana daftari hilo tangu juzi, nilipoiomba programu moja ya akili mnemba inisaidie kupanga safari ya Tanga. Ikaniuliza kama goti la mama litavumilia kukaa ndani ya basi muda mrefu. Habari za goti niliziandika humo miezi kadhaa nyuma, nikasahau. Yenyewe haikusahau. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu kidogo. Kumbe hofu hiyo ina umri mkubwa kuliko mimi.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Katika igizo lake maarufu, DOCTOR, ELIZA ilijifanya daktari wa nafsi: ukiiandikia sentensi, inaigeuza kuwa swali na kukurudishia. Haikuelewa kitu. Lakini ilikuwa na ujanja mmoja usiosimuliwa sana. Mtu akisema habari ya kitu chake, baba yangu, mpenzi wangu, programu iliweza kuiweka sentensi hiyo pembeni. Baadaye, ikikosa neno la kushika, ilichomoa ile ya zamani. Katika mazungumzo aliyoyachapisha Weizenbaum, mwanamke anasema mapema kwamba mpenzi wake ndiye aliyemfanya aje. Mwishoni, mada ikiwa nyingine kabisa, mashine inamuuliza kama hayo yana uhusiano na kuletwa na mpenzi wake. Yaani, ilionekana imemsikiliza muda wote.

Kukumbuka kidogo tu, na watu wakaamini. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza programu hiyo, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba atoke chumbani. Kisha kuna kisa cha pili, nami naona ndicho kizito zaidi. Aliposema angeweza kuupanga mfumo ili ayasome mazungumzo yote ya watu, walimjia juu: huko ni kuchungulia siri zetu za ndani. Watu hao walimwaga moyo mbele ya mashine bila shida. Waliogopa tu binadamu atakayesoma.

Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923, katika familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi mwaka 1936. Mwaka 1976 aliandika kitabu kizima, Computer Power and Human Reason, kuonya kwamba kuna kazi ambazo kompyuta haifai kukabidhiwa hata kama inaziweza.

Turudi kwenye zama zetu. Modeli ya lugha, yenyewe, inafanana na yule daktari wa zahanati: haikukumbuki. Kila unapotuma ujumbe, programu huisomea upya mazungumzo yenu, kadiri yanavyoenea kwenye nafasi yake ya kusomea. GPT-3 ya mwaka 2020 ilikuwa na nafasi ya tokeni 2,048, yaani vipande vya maneno vya kurasa chache tu. Novemba 2023 GPT-4 Turbo ilifika 128,000. Nafasi ikijaa, ya zamani hukatwa au hufupishwa. Ndiyo maana wahandisi waliongeza daftari: maelezo mafupi kukuhusu, yanayotunzwa pembeni na kuwekwa mbele ya modeli kabla haijakujibu. OpenAI ilianza kuijaribu kumbukumbu ya namna hiyo kwenye ChatGPT Februari 2024. Aprili 2025 ikaipanua, iweze kurejelea mazungumzo yako yaliyopita.

Mwezi uliofuata likatokea jambo. Katika kesi ya hakimiliki iliyofunguliwa na gazeti la New York Times, mahakama ya Marekani iliiamuru OpenAI itunze kumbukumbu za mazungumzo, hata yale ambayo watumiaji walikuwa wameyafuta. Amri hiyo iliondolewa baadaye mwaka huohuo, lakini somo limebaki. Kubonyeza "futa" ni ombi tu. Uamuzi uko kwa anayetunza.

Tunapenda kuuliza mashine hizi zinakumbuka kiasi gani. Waliokuwa pale MIT waliuliza swali bora zaidi: nani atasoma? Mimi sikuacha kuitumia ile programu. Safari ya Tanga imepangwa vizuri, na mama atakaa kiti cha mbele. Ila niliingia kwenye mipangilio nikasoma yote iliyoyaandika kunihusu. Nikafuta mengi. Goti nikaliacha.

Kisha nikakumbuka tofauti yetu na mgonjwa wa zahanati. Yeye daftari liko kabatini kwake.